Kabla hamjaliondoa jina la mtu, mpigieni simu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya daftari la makampuni

Shangani, Mtwara

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Viwanda na Biashara,
Msajili wa Makampuni, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA),
Mheshimiwa Jaji Mfawidhi, Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara,
Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai, Jeshi la Polisi.

Waheshimiwa, salaam.

YAH: OMBI LA KUWAARIFU WANAHISA NA WAKURUGENZI KABLA MAJINA YAO HAYAJABADILISHWA KWENYE DAFTARI

Nimetunza vitabu vya hesabu vya kampuni ndogondogo za Mtwara na Lindi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi: wenye maghala, wenye malori, wauza mabati na saruji, wabanguaji wa korosho. Mwanasheria mimi siyo. Ninachokijua ni mafaili, na barua hii inahusu mafaili. Kuna kampuni moja ya kifamilia katika mji huu ambayo mgogoro wake naufahamu kwa karibu. Kwa kuwa shauri liko mahakamani, sitaitaja kampuni wala wahusika, na wala sitasema nani mkweli. Ombi langu halitegemei nani atashinda. Linahusu njia iliyotumika, ambayo kesho ataitumia mwingine.

Kampuni hubadilisha mikono kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni muhtasari wa kikao, unaosema kwamba siku fulani, mahali fulani, wanahisa walikutana, akidi ikatimia, mkurugenzi fulani akajiuzulu kwa hiari yake na mwingine akateuliwa. Ya pili ni hati ya kuhamisha hisa, yenye saini ya anayetoa, saini ya anayepokea na mhuri wa wakili aliyeshuhudia. Karatasi zinaskaniwa, zinapandishwa kwenye mfumo, ada inalipwa, na daftari linasomeka vingine. Kikao huenda kilifanyika, huenda hakikufanyika. Aliyekaa kwenye meza ya usajili hana namna ya kujua, maana hakuwepo, na kazi ya kupima saini siyo yake. Orodha ya wanahisa ikiwa na ubishi, Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inatupeleka Mahakamani.

Tatizo ni kinachotokea kati ya daftari kubadilika na Mahakama kusema neno. Daftari likishaandika, ofisi nyingine zote zinalifuata. Benki inabadilisha watia saini. Mamlaka ya Mapato inampokea mwakilishi mpya. Mwenye ghala anapelekewa barua yenye jina asilolijua chini yake. Hao wote huwezi kuwalaumu. Wameonyeshwa taarifa rasmi ya Msajili, na ukishaonyeshwa hiyo utauliza nini tena? Aliyeondolewa naye anajua mwisho wa yote, mara nyingi siku hundi yake inapokataliwa.

Sasa niwaeleze kwa nini huku Kusini jambo hili linauma kuliko linavyoonekana kutoka Dar es Salaam au Dodoma.

Kabla ya mfumo wa mtandao kuanza mwaka 2018, nyaraka za kampuni zilibebwa kwa mkono hadi jengo la Ushirika pale Mnazi Mmoja. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 kulikuwa na kivuko cha Rufiji cha kusubiriwa, na matope ambayo walioyapitia hawahitaji kusimuliwa. Mzee mwenye kampuni hakuwa tayari kusafiri mara tatu kwa sababu fomu moja ilikosewa. Kwa hiyo alikuwa akisaini karatasi tupu za akiba, kadhaa kwa mpigo, chini kabisa mwa ukurasa, na kumkabidhi karani au kijana wa nyumbani: "Wakikataa ile, chapa nyingine juu ya hii." Karatasi hizo bado zipo kwenye makabati ya mji huu. Wazee wenyewe wengi hawapo.

Hapa ndipo nawaomba mtulie kidogo, Waheshimiwa, kwa sababu watu wakisikia "kughushi" wanafikiria mtu anayeiga saini ya mwenzake kwa kalamu. Hiyo ni kazi ya wanafunzi. Karatasi ya akiba ina saini ya kweli. Mtaalamu wa maandishi wa polisi ataitazama kwa darubini na atasema, kwa haki kabisa, kwamba saini ni ya marehemu. Kilicho cha uongo ni maneno yaliyochapwa juu yake miaka mingi baadaye, yakapewa tarehe ya zamani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema kughushi ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, kwa hiyo na hili limo. Lakini kulithibitisha ni kazi nyingine. Unaanza kutafuta kama wino umepita juu ya chapa au chini yake, kama namba ya simu iliyoandikwa kwenye kichwa cha barua ilikuwepo tarehe hiyo, kama mzee siku hiyo alikuwa Mtwara au amelazwa Ndanda.

Na ili uanze kutafuta hayo unahitaji karatasi halisi. Mfumo una picha ya skani. Karatasi yenyewe iko kwenye droo ya yule unayemtuhumu. Atasema imepotea wakati wa kuhama ofisi, na mara nyingi hadithi inaishia hapo. Katika yote niliyoyaona, hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine: tumejenga utaratibu ambao ushahidi mkuu wa kosa unabaki mikononi mwa mtuhumiwa, kisha tunamwambia mlalamikaji athibitishe.

Jambo la pili ni la kifamilia. Kwetu Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba alikuwa mzazi, na kwa wengi bado ni mzazi. Mzee aliyeanzisha kampuni alipoambiwa anahitaji mwanahisa mwenzake, hakumwandika mkewe. Alimwandika mpwa wake, mtoto wa dada, tena aliyesoma. Makubaliano yao hayakuandikwa popote, maana nani anaandikishana mkataba na mpwa wake? Mzee akifariki, watoto wanaleta barua ya usimamizi wa mirathi na mpwa analeta hati ya kuhamisha hisa iliyosainiwa marehemu akiwa hai. Wakati mwingine hati hiyo ni ya kweli kabisa, na watoto ndio wanaotaka kumdhulumu mtu aliyeijenga kampuni kwa jasho lake huku wao wakiwa masomoni. Nimeona sura zote mbili. Ndiyo maana sitaki mtu ye yote aamue kwa kumtazama anayelia usoni.

Mfumo wa mtandao ulipokuja, kampuni za zamani zilitakiwa kuhuisha taarifa zake. Lilikuwa jambo jema, na sisi wa mikoani tulipunguziwa nauli. Ila fikirieni katika familia kama hizo ni nani aliyekaa mbele ya kompyuta. Mzee hakuwa na barua pepe. Aliyekuwa nayo ndiye aliyefungua akaunti ya kampuni, kwa namba yake ya simu na kitambulisho chake cha NIDA, na tangu siku hiyo ujumbe wowote unaoihusu kampuni unaingia kwake. Kuanzia hapo si lazima awe mwovu. Inatosha awe peke yake anayejua.

Nizungumzie ardhi, maana ndiyo inayogombewa hata pale watu wanaposema wanagombea "uongozi wa kampuni". Mtu akitaka kuuza kiwanja changu hapa Shangani kwa hati ya uongo, nina njia: naweza kwenda kwa Msajili wa Hati na kuweka zuio, na kiwanja hakihamishwi mpaka tusikilizwe. Lakini tuseme kiwanja hicho, ghala lililo juu yake na viwanja vingine vimeandikwa kwa jina la kampuni. Hahitaji tena kugusa hati ya kiwanja hata kimoja. Anabadilisha wakurugenzi, na viwanja vyote vinamfuata vikiwa vimetulia, jina la mmiliki kwenye hati likiwa lile lile. Sheria yenyewe imelala upande huo. Kanuni ya Adhabu imeweka kifungo cha maisha kwa anayeghushi wosia, hati ya kumiliki ardhi au hundi ya benki. Muhtasari wa kikao na hati ya hisa hazikutajwa humo, kwa hiyo zinaangukia kwenye adhabu ya jumla ya kughushi, miaka 7. Karatasi inayobeba viwanja kumi ina adhabu ndogo kuliko karatasi ya kiwanja kimoja. Simwombei mtu jela. Nasema tu kwamba walioandika orodha ile walikuwa wakifikiria mali ya wakati wao.

Halafu kuna msimu. Minada ya korosho kwetu huanza Oktoba, na mabadiliko ya uongozi yenye ubishi niliyoyashuhudia yalipenda kuingia kwenye daftari miezi miwili mitatu kabla yake. Sababu haihitaji mganga. Anayesaini hundi mwezi Oktoba ndiye anayeamua nani anunue, aweke wapi, amlipe nani. Pande mbili zikifika benki kila moja na karatasi zake, meneja anafanya anachoweza kufanya: anafunga akaunti. Kuanzia hapo wakurugenzi wa pande zote wanaendelea kula, kwa sababu wana kwingine. Wanaoacha kula ni akina mama wa kubangua, wanaolipwa kwa kilo za kiini cha korosho walichobangua, na hawana hisa hata moja. Mafuta ya maganda ya korosho yamewaunguza vidole. Ukiwaambia wasubiri Mahakama, wanakuuliza Mahakama inakaa lini, nawe huna jibu.

Msidhani ni mambo ya kampuni ndogo tu. Novemba 2014 nchi nzima ilisikiliza Bunge likijadili akaunti ya Tegeta Escrow, yaani akaunti ya kutunzia fedha zenye ubishi. Ukiondoa kelele, kiini cha sakata lile kilikuwa mzozo wa wanahisa wa kampuni ya kuzalisha umeme, IPTL: mwenye asilimia 70 na mwenye asilimia 30 waligombana tangu mapema miaka ya 2000, kisha likaja swali la hisa zile asilimia 70 zilihama lini, kwa karatasi gani, na kama waliozileta karatasi walikuwa na haki. Wakati swali hilo linabishaniwa, zaidi ya shilingi bilioni 200 zilikuwa zimekwishatoka kwenye akaunti hiyo. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu Desemba ile, na Waziri wa Nishati na Madini akafuata Januari 2015. Kama karatasi za hisa ziliweza kuitikisa Serikali, ghala la Mkanaledi, hapa Mtwara, litafanya nini?

Baada ya hapo mmefanya mengi, na ni haki niyataje. Marekebisho ya mwaka 2020 na kanuni za 2021 zinazitaka kampuni zitaje wamiliki wake manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya majina. Ni hatua kubwa. Lakini anayeghushi muhtasari hatashindwa kujaza na fomu hiyo.

Ombi langu ni dogo na linafanyika kwa vifaa ambavyo tayari mnavyo.

Mtu akiwasilisha nyaraka za kumwondoa mkurugenzi au kupunguza hisa za mwanahisa, yule anayeondolewa apewe taarifa moja kwa moja kabla daftari halijabadilika, na apewe siku za kujibu. Nasema siku 14, mkiona 21 ni sawa pia. Taarifa iende kwenye namba yake yeye, siyo namba iliyoandikwa na aliyeleta maombi. Namba hizo Serikali inazo. Tangu mwanzoni mwa 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha NIDA ilianza kuzimwa. Sote tulipanga foleni. Kama kidole changu kilitakiwa ili niweze kumpigia mwanangu, kitumike basi kuniuliza kama kweli nimejiuzulu. Kwa marehemu, taarifa iende kwa msimamizi wa mirathi. Kama hajateuliwa, mabadiliko yasubiri ateuliwe, hata kama hati ina tarehe ya mzee akiwa hai.

Akijibu ndiyo, mambo yaendelee siku hiyo hiyo. Akikaa kimya mpaka siku ziishe, yaendelee. Akisema hapana, aseme kwa kiapo, mbele ya kamishna wa viapo, akijua kwamba kiapo cha uongo ni kosa. Hapo Msajili asimamishe mabadiliko na kuandika kwenye daftari kwamba yana ubishi, ili benki na mnunuzi wa ardhi waone. Asiamue nani mkweli. Asimamishe tu.

Najua mtakachosema, kwa sababu mimi mwenyewe ningekisema. Mwanahisa mkorofi mwenye asilimia 5 atatumia pingamizi kuifunga kampuni nzima katikati ya msimu mpaka anunuliwe. Wapo, na nimefanya kazi na mmoja wao. Kwa hiyo pingamizi liwe na ukomo: asipofungua shauri Mahakama Kuu ndani ya siku 30, lifutike lenyewe. Na katika siku hizo kampuni isizimwe. Wakurugenzi wa zamani waendelee na kazi za kawaida, mishahara ilipwe, ila wasiuze ardhi, wasikope kwa dhamana ya mali, wasihamishe hisa. Biashara nyingi za hapa zinaweza kuishi mwezi mmoja bila kuuza ghala.

Kuhusu karatasi halisi, pawe na sharti: anayepandisha skani ya muhtasari au hati ya kuhamisha hisa atamke nani anaitunza nakala halisi na wapi, na awajibike kuitoa ikitakiwa kwa muda mtakaoweka. Akishindwa kuitoa, kushindwa huko kuhesabiwe dhidi yake. Wakili ambaye mhuri wake upo kwenye hati naye athibitishe mwenyewe kupitia mfumo. Mihuri huchongwa mitaani kwa bei ya chakula cha mchana, na mawakili wengine hawajui kwamba wameshuhudia hisa za watu wasiowahi kuwaona.

Mheshimiwa Jaji Mfawidhi, kwako nina neno moja, na nalisema kwa heshima inayostahili kiti hicho. Mwanahisa aliyeonewa anaweza kuja kwako chini ya kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni, na watu wa Kusini wana bahati kwamba hawahitaji kwenda mbali kuliko Mtwara mjini. Wa Liwale hatakubaliana nami kwamba Mtwara ni karibu, lakini tuache hilo. Mahakama zetu tangu zamani zinasema anayedai udanganyifu katika kesi ya madai athibitishe kwa kiwango kinachozidi kile cha kawaida cha madai, na sipingi. Ninachoomba ni kwamba maombi ya dharura ya kuzuia mali isihamishwe, yanapohusu hati za kampuni zenye ubishi wa saini, yasikilizwe kwa haraka ya msimu. Ardhi ikishafika kwa mnunuzi wa tatu aliyenunua bila kujua, hukumu nzuri ya miaka mitatu baadaye inabaki kuwa karatasi nzuri.

Na kwa Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai: mlalamikaji akifika kituoni na madai ya kughushi, jibu "hii ni kesi ya madai, nenda mahakamani" huwa linatoka haraka mno. Mgogoro wa nani aongoze kampuni ni wa madai, kweli. Saini ya mtu aliyekuwa hospitali siku ya kikao ni jambo la upelelezi. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kwenye faili moja, na askari wa wilayani anahitaji mwongozo ulioandikwa unaomwambia achukue nini siku ya kwanza: karatasi halisi, sampuli za saini za wakati ule kutoka benki, daftari la hospitali, kumbukumbu za simu. Akisubiri, vitu hivyo vinatoweka.

Msinijibu kwamba uhakiki wa namna hii ni mzito kwa nchi yetu. Msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mkulima mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuhakikiwa, na timu zilikwenda mpaka shambani Tandahimba na Newala kuona kama mikorosho ipo, ili kuwanasa wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho za wakulima kinyume cha utaratibu. Mkulima alipanda pikipiki na maofisa, akawaonyesha miti yake. Sikumbuki mtu akisema kazi ile haiwezekani. Mkurugenzi wa kampuni hahitaji kutembelewa. Anahitaji ujumbe mmoja wa simu.

Mengine yote yanaweza kungoja marekebisho ya sheria, na Bunge lina ratiba yake. Ujumbe wa simu na zile siku za kujibu, kwa jinsi ninavyoelewa mimi, ni suala la kanuni na la mafundi wa mfumo. Kama kanuni hiyo inaweza kusainiwa kabla ya Agosti, itawahi mnada wa kwanza. Ikichelewa, naomba angalau BRELA na mabenki wakubaliane kwamba kati ya Agosti na Desemba hakuna benki inayobadilisha watia saini wa kampuni yenye ghala la korosho bila kumpigia simu mtia saini wa zamani na kuandika jina la afisa aliyepiga, tarehe na saa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza vitabu wa hesabu,
Shangani, Mtwara

Nakala:
Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, Mtwara
Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, Lindi
Bodi ya Korosho Tanzania, Mtwara